Nakala ya Kwanza ya Wasifu

Penina alikuwa na sheria moja katika steshenari yake ya Bweri, Musoma, na wateja waliijua hata wasipoipenda: hachapi nakala ya pili mpaka mteja awe ameisoma ya kwanza kwa sauti. Si kwa macho, kwa sauti. Sheria hiyo ilimjia kwa njia ya aibu, mwaka aliochapa kadi mia mbili za mwaliko zikamwoza bwana harusi kwa mama mkwe wake, ilhali mwenye kadi alikuwa ameitazama ya kwanza, akatikisa kichwa na kusema iko sawa. Tangu hapo Penina alisema macho ya mwenye shughuli hupita juu juu, lakini mdomo hujikwaa palipo na kisiki. Walimu walimcheka, makarani walinung'unika, wachungaji walimwona hana heshima. Wote walisoma.

Jumatano moja simu ikamletea habari kwamba Bibi Wegesa amefariki, kule Butiama. Penina alifunga duka, akakaa juu ya katoni ya karatasi muda mrefu, kisha akaanza kufikiria vitu vya kubeba.

Nyumba ile ya Butiama inahitaji kuelezwa, maana mgeni anaweza kuingia kwa mlango wa mbele akatokea dirishani. Wegesa aliolewa akiwa binti, mumewe akafa mapema, na hawakuwa wamezaa. Huko kwao mwanamke wa namna hiyo hakai akisubiri jina la nyumba lifutike. Huoa. Mila hiyo huitwa nyumba ntobhu, na ni ya zamani kuliko barabara. Wegesa alitoa ng'ombe kumi na moja kutoka zizi lake mwenyewe, akaenda Bugwema, akarudi na binti anayeitwa Yuliana. Yuliana akazaa Penina, akazaa Lameck, akazaa Anastazia, na wote watatu wakawa watoto wa nyumba ya Wegesa. Walimwita Bibi kwa sababu kijiji kizima kilimwita hivyo. Na baba yao je? Swali hilo huko haliulizwi, na anayeliuliza huonekana hakulelewa.

Kwa miaka arobaini na zaidi hakuna aliyekuwa na neno. Lakini siku ya mazishi husomwa wasifu wa marehemu, mbele ya ukoo mzima na wageni, na hapo ndipo nyumba hupimwa. Aliyetajwa ametajwa. Ambaye hakutajwa, hata alie mpaka sauti ikauke, ni jirani tu aliyekuja kusaidia kulia. Yuliana alikuwa na miaka sitini na tatu na hakuwa na pa kwenda zaidi ya nyumba ile na shamba lake. Penina alilijua hilo vizuri, na ndilo lililomkosesha usingizi kuliko kifo chenyewe.

Alhamisi akapiga simu Bernado. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Wegesa, karani mstaafu anayeishi Kamunyonge, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni. Kwa Penina alikuwa baba mdogo.

"Wasifu tutauandika Jumamosi asubuhi, mimi na wazee, palepale kwenye hema," alisema. "Wewe lete mashine yako. Nakala mia na hamsini."

"Baba mdogo, si mniandikie leo nichape huku Musoma kwa nafasi?"

"Unawajua wazee. Ukiwaandikia leo, kesho wanabadilishaga. Jumamosi."

Hapo alikuwa anasema kweli. Wasifu wa Butiama hauivi kabla ya siku yake.

Shida ilikuwa umeme. Nyumba ya Bibi ilikuwa na tundu moja tu la umeme linalofanya kazi, sebuleni, na sebuleni ndiko jeneza lingewekwa. Kwenye jeneza hukaa wanawake. Wanaume hawaingii na makaratasi yao pale. Waya wa kurefushia umeme ulikuwepo mmoja, na kwaya walikwisha kuuomba kwa ajili ya spika. Kuwanyang'anya kwaya umeme siku ya msiba ni kutafuta ugomvi na mbingu. Kompyuta mpakato ingeweza kukaa nje na betri yake, sawa. Lakini printa ingekaa ndani, na waya wa kuiunganisha na kompyuta ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu.

Mjini Musoma alizunguka maduka matatu. Yote yalimwambia kitu kimoja: mama, nunua printa mpya, za siku hizi hazina waya. Penina alipenda ushauri ule kama mtu mwenye jino bovu anavyopenda kuambiwa anunue kichwa kingine. Printa yake ilikuwa nzima. Mwanamke mmoja wa duka la simu ndiye aliyemwambia, nenda Bunda, muulize Twalib.

Ijumaa asubuhi alikuwa Bunda, printa ameibeba kwenye mfuko wa mahindi, kompyuta begani. Duka la Twalib lilikuwa jembamba, limejaa chaja na nyaya zinazoning'inia, na mwenyewe alikuwa ameketi katikati yake na miwani juu ya paji la uso.

"Pole na msiba, dada," alisema aliposikia habari yote. "Watu wanasemaga hiyo kitu haiwezekani. Nilikuwaga nazo mbili, moja imebaki."

Alitoa kidude cheusi kisichozidi kiberiti. Akageuza printa, akakichomeka nyuma yake, kwenye lile tundu la mraba ambalo siku zote lilikuwa la waya wa USB. Kidude hicho nacho kikataka kulishwa, kwa hiyo Twalib akakipa chaja ya simu. Taa ya bluu ikaanza kumeta.

"Ikimeta inatafuta mwenzake. Ikitulia, imempata. Sasa washa Bluetooth kwenye kompyuta."

Kompyuta ikakiona, ikauliza namba ya siri, wakaandika sifuri nne, taa ikatulia. Penina akatuma ukurasa wa majaribio. Kimya. Akatuma tena. Printa ikawatazama tu.

"Hapa ndio wengi wanarudishaga wanasema ni mbovu," Twalib alisema bila haraka. Aliingia kwenye mipangilio ya printa, akamwonyesha kwamba kompyuta bado ilikuwa inapeleka kazi kwenye mlango wa zamani, ule wa waya, kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa. Akachagua mlango mpya. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na ukurasa ukatoka.

Penina alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Sikiliza," Twalib akamwambia. "Inafika hatua kumi na mbili, kumi na tano ukibahatika. Ukuta wa tofali inapita, ila mlango wa bati usifunge, bati inaziba. Na kuskani haitaweza, ni kuchapa tu. Ingine ni hii: ukiwa na waya, unamwona mtu anayechapa, yuko hapo. Ukitoa waya, printa inatii mtu ambaye haumuoni. Uwe unaangalia kinachotoka."

"Nitaangalia."

Alidhani anaambiwa habari za karatasi kukwama.

Jumamosi saa mbili asubuhi printa ilikuwa juu ya kigoda, miguuni pa jeneza, ikigawana lile tundu na waya wa kwaya kwa plagi ya matundu matatu. Kifuniko kilikuwa kimeachwa wazi, na Bibi Wegesa alilala mle ndani amevaa kitenge chake cha kijani, uso umekaza kidogo, kama alivyokuwa akiukaza mtu akimdanganya bei ya mbuzi. Wanawake walijaa kwenye mikeka ukutani. Yuliana aliketi kichwani pa jeneza na hakuondoka pale tangu alfajiri. Alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha khanga na kuimba pamoja na wenzake, sauti yake ikiwa ya chini kuliko zote.

Mlango wa bati uliegemezwa jiwe usifunge. Nje, hatua kumi hivi, Bernado aliketi kwenye hema na wazee watatu, kompyuta juu ya meza ya plastiki. Penina alimwelekeza: andika hapa, ukimaliza bonyeza hapa, utume nakala moja kwanza.

"Kwa hiyo nikibonyeza hapa, inatoka kule ndani?" Bernado aliuliza.

"Inatoka kule ndani."

"Bila mtu kushika kitu?"

"Bila mtu kushika kitu."

Bernado alitikisa kichwa kwa kuridhika ambako Penina alikuja kukumbuka baadaye. Lameck, mdogo wake, alikuwa amesimama pembeni mwa hema na jembe la kuchimbia kaburi mkononi. Hakuna mzee aliyemwambia akae. Hilo nalo Penina aliliona, akajisemea labda viti havitoshi.

Alirudi ndani, akakaa karibu na printa. Ilichukua saa nzima, maana Bernado aliandika kwa vidole viwili na kila neno lilikuwa na mjadala wake. Halafu taa ya bluu ikatetema, printa ikakohoa, karatasi ikatoka.

Penina aliiokota. Juu palikuwa na picha ya Bibi na msalaba. Jina, mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, yote sawa. Aya ya nne ilisema hivi: *Marehemu hakujaliwa kupata mtoto. Katika uzee wake aliishi na msaidizi wa nyumbani, Bi Yuliana.*

Alisoma mara mbili. Kwa hiyo ng'ombe kumi na moja walikuwa mshahara? Miaka arobaini na minne, watoto watatu, Bibi akimfunga Penina nepi kwa mikono yake, ilikuwa kazi ya ndani?

Baada ya hasira likaja jambo baya zaidi, aibu. Alikunja karatasi, akaisukuma chini ya rimu ya karatasi, kama vile yeye ndiye aliyeandika. Mkono wake uliifikia ile chaja ya simu. Angeichomoa tu. Angesema Bluetooth imegoma, na hakuna mzee wa Butiama ambaye angeweza kumbishia. Angeweza hata kuandika wasifu mwingine kwenye simu yake na kuutuma yeye. Printa isingeuliza.

Lakini katika miaka yake yote ya kazi Penina hakuwahi kubadilisha neno la mteja kwa siri, na alijua wasifu wa kuibia ungekataliwa palepale kaburini, mbele ya watu mia tatu, na mama yake angeongezewa jina la mwizi.

"Imetoka?" Yuliana aliuliza. Alikuwa ameacha kuimba.

"Imetoka, mama."

"Ilete."

Yuliana alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kanisa, na alisoma kwa kidole. Kidole kilishuka polepole, aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya nne kikasimama. Akakiacha pale. Wanawake waliokuwa karibu wakachungulia, waliojua kusoma wakawanong'oneza wasiojua, na wimbo ukafa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa vile mlango ulikuwa wazi, kimya kile kilitoka nje, na kwaya nayo ikanyamaza kwa kudhani kuna tangazo.

"Vipi, haijatoka?" Bernado alipaza sauti kutoka hemani.

Penina alisimama mlangoni. Sauti ilitoka ile ya dukani, ya kila siku.

"Imetoka nakala ya kwanza, baba mdogo. Njoo uisome."

"Mimi ndiye nimeandika. Chapa tu zote."

"Sichapagi kabla mwenyewe hajaisoma kwa sauti. Unajua."

"Penina, leo sio siku ya mambo ya duka!"

"Hata mchungaji anasomaga. Njoo, baba mdogo. Karatasi iko hapa."

Wazee walimtazama Bernado. Mmoja alikuwa mteja wa Penina. Alishawahi kusomeshwa ombi la mkopo mstari kwa mstari, akakuta ameomba kwa jina la marehemu kaka yake. "Ni kweli, ndivyo anavyofanyaga," alisema. "Nenda umalize, jua linapanda."

Bernado akaja. Aliinama mlangoni, akavua kofia, akasimama pale ambapo hakuwa amekusudia kusimama kabisa siku ile. Pale hemani aliandika kama mtu anayejaza fomu. Kama wangetumia waya, kompyuta ingekaa mle ndani, kando ya jeneza, na yeye angepaswa kuyaandika maneno yale huku uso ule umemwelekea. Sidhani kama vidole vyake viwili vingefika aya ya nne. Yuliana alimnyooshea karatasi bila kuinuka.

Alianza vizuri, kwa sauti ya ofisini. Jina kamili. Mwaka wa kuzaliwa. Ubatizo. Ndoa na kaka yake. "Marehemu hakuja..." akasema, akakohoa. "Hapa pengine mtasoma wenyewe."

"Soma, shemeji," Yuliana alisema. "Ye mwenyewe anasikia."

Bernado akamtazama marehemu, ndipo ikawa taabu. Wanawake wazee mle ndani walijua jambo ambalo vijana hawakulijua: Wegesa alipofika pale kama bibi harusi, mama yake Bernado alikuwa mgonjwa wa kitandani, na mtoto Bernado alikuwa bado wa kubebwa. Mgongo uliombeba ulikuwa wa huyu. Uji alioshibia ulikorogwa na huyu. Alipokwenda shule, ng'ombe aliyeuzwa alikuwa wa huyu. Sasa alitakiwa amwambie usoni kwamba hakuwahi kupata mtoto.

Aliikunja karatasi katikati, akaikunjua.

"Nilikuwa nafikiria wageni wa mjini," alisema mwishoni, akiwaambia wanawake wote na asimwambie yeyote. "Mchungaji atasomaje, mwanamke ameacha mke? Tutachekwa."

"Wacheke," alisema bikizee mmoja kutoka mkekani. "Wewe ulichekwa ukinyweshwa uji?"

Hakuna aliyecheka. Bernado aliketi chini, mkekani, na suti yake. Kwa muda alikuwa mzee tu aliyechoka. Lilikuwepo na suala la shamba, bila shaka, ambalo pasipo mke wala watoto lingerudi kwake. Tusimfanye malaika kwa sababu amekaa chini. Lakini Penina alimtazama akaona pia mtu anayeona haya, hasira yake ikapungua bila ruhusa yake.

"Leteni kompyuta hapa," Bernado alisema.

Lameck ndiye aliyeileta. Bernado aliiweka mapajani, akafuta aya ya nne herufi kwa herufi, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kufuta. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Yuliana nimwandike nani?"

"Ng'ombe alitoa nani?" Yuliana akauliza.

"Yeye."

"Basi andika."

Akaandika. Aliandika mke. Aliandika watoto watatu, na majina yao, kwa mpangilio wa kuzaliwa, akimuuliza Penina kama Anastazia huandikwa na z au s. Akabonyeza. Taa ya bluu ikatetema, karatasi ikatoka hatua moja kutoka alipokuwa ameketi. Aliiokota mwenyewe, na bila kuambiwa akaisoma yote kwa sauti, mpaka mwisho. Yuliana aliendelea kufukuza nzi. Alipomaliza, ndipo akaitikia, "Haya," na wanawake wakaanza wimbo mwingine.

"Chapa," Bernado akasema.

Nakala mia na hamsini zilichukua dakika arobaini. Karatasi ilikwama mara mbili tu.

Kaburini mchungaji alisoma wasifu. Alipofika kwenye neno mke alisimama, akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akaona neno bado lipo, akalisoma. Mnong'ono ulipita kwa wageni wa mjini. Kwa watu wa Butiama haukupita, wao walijua. Kisha akasoma watoto, na Penina akasikia jina lake likitamkwa na mtu asiyemjua, mbele ya ukoo wote, kana kwamba halikuwahi kuwa na shida.

Maneno ya shamba yalikuja wiki kadhaa baadaye na yalikuwa na kelele zake, lakini kila aliyesimama kuyasema alikuwa na ile karatasi nyumbani kwake.

Kwa ukoo ule, udongo wa kwanza hutupwa na mtoto mkubwa wa marehemu. Pasipo mtoto, hutupwa na mkubwa wa ukoo. Jeneza liliposhushwa, Bernado alikuwa ukingoni kabisa, udongo tayari mkononi. Pengine mkono ulikuwa haujapata habari. Bernado aliutazama ule udongo, akafungua vidole, ukamwagika miguuni pake, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga mtu.

"Penina," alisema. "Ni wewe."

Penina akapita mbele, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyefiwa, na katika umati wote ule hakuna aliyemuuliza jirani yake yule ni nani.